Sukari Iliyokuwa Kinuni



Mara kwa mara wake wa walimu, na wasichana wanaojiweka tayari kwa arusi, huniuliza, "Keki hupambwaje kwa sukari, na sisi hatuna vyombo vya mjini?" Swali hili ni jema, na jawabu lake ni fupi. Ningaliweza kulimaliza kwa maneno machache, nikanyamaza. Lakini mimi mwenyewe nalijifunza jawabu hilo kwa aibu, wala sioni kuwa ni haki kuwapa ninyi utamu na kujifichia uchungu. Basi leo nitaandika yote mawili, habari ya sukari na habari yangu.

Mapishi ya keki nalifundishwa Lushoto, nalipokuwa msichana. Huko milimani hewa ni ya baridi, na asubuhi ukungu hushuka hata mlangoni. Twalifundishwa kutwaa ute mweupe wa mayai, kuupiga pamoja na sukari iliyosagwa kuwa unga, hata uwe mzito na mweupe kama pamba, kisha kuupaka juu ya keki kwa kisu kipana. Ukiisha kukaa, hukauka na kuwa mgumu kama chokaa ya ukuta. Twalijisifu sana kwa ujuzi huo. Hata nalipoolewa na mwalimu nikaja kukaa Muheza, nchi ya michungwa na joto, nalidhani ya kuwa sukari ni ile ile kila mahali.

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka wa 2023 ilinifundisha. Mwaka ule mvua za vuli zilizidi desturi. Nguo hazikukauka kambani, na chumvi ililoa mezani. Wakristo wa mtaa wetu walikubaliana kula pamoja baada ya ibada, nami nikaahidi keki. Nalioka alfajiri, na kwa haraka ya kwenda kanisani nikaipaka ule ute na sukari, keki ingali na vuguvugu. Nikaiweka mezani, karibu na masufuria ya pilau, nikaifunika, nikaenda zangu.

Twalipotoka kanisani, nikaifunua mbele ya watu. Weupe wote ulikuwa umeteleza. Ulikuwa ukishuka kandokando kwa matone mazito, na sahani imejaa maji ya sukari. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, mwenye ulimi mwepesi, akasema kwa sauti, "Jamani, tazameni! Keki ya Mama Mwalimu inalia!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kwa meno tu.

Juu ya meza ile ile palikuwa na sinia ya visheti vya mama mkwe wangu. Vilikuwa vyeupe, vikavu, vimevikwa sukari kila upande, na sinia ikaisha kabla ya keki yangu kukatwa. Sikuvitazama. Nalivihesabu kuwa vitu vya kila siku, visivyo na elimu ndani yake.

Sasa najua sababu, nami nawaambia ninyi ili msirudie kosa langu. Sukari hupenda maji. Iliyosagwa kuwa unga hunywa unyevu wa hewa upesi kuliko ya chembe. Tena keki iliyo moto hutoa mvuke kwa muda mrefu, na mvuke ule ukikuta sukari juu yake huiyeyusha kutoka chini. Mimi naliiweka sukari kati ya mivuke miwili, wa keki na wa pilau, katika mwezi wa mvua. Ilikuwa na haki ya kulia. Tena twasikia kwa matabibu ya kuwa ute wa yai bichi waweza kuwa na vijidudu vya kuendesha tumbo. Kwa hiyo siku hizi siutumii kabisa.

Labda mtauliza desturi hii ya keki nyeupe ilitoka wapi, hata mtu akaona haya namna hii ikimharibikia. Yafaa kujua. Katika nchi za Ulaya sukari nyeupe ilikuwa ghali sana zamani, maana kuisafisha hata iwe nyeupe ilikuwa kazi kubwa. Mwenye kufunika keki yake kwa weupe alikuwa akiwaonyesha wageni mali yake. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa, tarehe 10 Februari 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa ratli 300 hivi, nayo ilipambwa kwa sukari nyeupe. Watu wadogo wakatamani kuiga.

Wala sukari hiyo haikuwa safi kama ilivyoonekana. Sehemu kubwa ya sukari ya Ulaya ilitoka katika visiwa vya Karibi, ikalimwa na watumwa waliochukuliwa Afrika. Mwaka wa 1791 Bunge la Uingereza lilipokataa kuikomesha biashara ya watumwa, Wakristo wengi wa nchi ile waliacha kutia sukari hiyo katika chai yao, wakasema hawawezi kunywa jasho na damu ya wenzao. Hata kwetu, katika karne ya 19, kandokando ya mto Pangani palikuwa na mashamba makubwa ya miwa, na watumwa ndio waliofanya kazi nyingi humo. Basi sukari si kitu kidogo. Tangu zamani imewapima watu, kuona wapenda nini zaidi. Nami ilikuwa zamu yangu kupimwa.

Mwanzo wa mwaka wa 2024 sukari iliadimika katika Tanzania. Mvua zile zile zilikuwa zimezuia viwanda kuvuna miwa, na bei ikapanda hata serikali ikaweka kikomo cha bei. Mwenye duka alikuwa akipima robo kilo kana kwamba apima dawa. Katika siku hizo ndipo wanafunzi wa ubatizo, watu wazima 11, walipokuwa wakimaliza mafundisho yao. Walikuwa wabatizwe Sikukuu ya Pasaka, tarehe 31 Machi. Akina mama tukakutana ili kugawana kazi za karamu. Huyu wali, huyu mchuzi, huyu maji. Mzee wetu akauliza, "Na keki je?" Watu wakanyamaza. Nikasema, "Nitaoka mimi." Jirani yangu akainama, akatazama mkeka. Nikadhani anazuia kicheko.

Naona haya kuandika jinsi maneno yale ya Krismasi yalivyokaa moyoni mwangu. Kila nilipomwona kisimani nalisikia, "Inalia, inalia." Nalimwamkia vizuri, nikamwuliza habari za watoto, tena twalisali kanisa moja. Lakini ndani nalikuwa nikimwekea deni.

Nalipata kilo moja ya sukari kwa shida na kwa bei kubwa. Jumamosi jioni nikaoka mkate wa mayai, nao wafanywa hivi. Mayai sita na kikombe kimoja cha sukari hupigwa pamoja hata vikawa vyeupe na vizito, na ukiinua uma, utepe wake hukaa kidogo juu kabla ya kuzama. Kisha kikombe kimoja cha unga wa ngano uliochekechwa, pamoja na iliki iliyotwangwa, huingizwa polepole kwa mwiko, bila kupiga tena, ili pumzi iliyomo isitoke. Sina jiko la umeme la kuokea. Hutandika mchanga mkavu katika sufuria kubwa, huupasha moto, nikaweka ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa samli, nikafunika kwa bati na kupalia makaa juu. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Baada ya dakika 40 hivi huchoma kati kwa kijiti safi. Kijiti kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Ukaiva vizuri, ukainuka, harufu ya iliki ikajaa nyumba. Nikauweka upoe usiku kucha, maana nalikuwa nimejifunza. Kisha nikapima kikombe kimoja cha sukari cha kupambia, nikakitia katika kinu kidogo kilichosafishwa na kukaushwa, ili niitwange alfajiri. Nikakifunika kinu kwa kitambaa. Iliyosalia katika mfuko naliipeleka kwa waliopika chai ya karamu. Nikajiona nimemaliza. Nikasema moyoni, "Kesho hatacheka mtu."

Ilipata saa nne ya usiku, mvua ikinyesha kwa nguvu, nikasikia hodi. Nikafungua. Alikuwa jirani yangu, amejifunika khanga kichwani, maji yakimtoka. Mumewe alikuwa safarini kikazi. Akasema, "Dada, mtoto wangu mdogo anaharisha tangu adhuhuri, na jioni ameanza kutapika. Nimeita pikipiki, wanasema maji yamefunika njia, hakuna apitaye mpaka kuche. Kliniki walitufundisha kufanya maji ya chumvi na sukari. Maji nimechemsha, chumvi ninayo. Sukari sina hata chembe, na maduka yamefungwa. Una sukari kidogo?"

Nami nikajibu upesi, kabla moyo haujafikiri, "Pole, dada. Hata kwangu imekwisha."

Akasimama kidogo. Akavuta pumzi kama mtu atakaye kusema neno, lakini hakusema. Kisha akaitika, "Haya, ahsante," akashuka ngazi, akaingia mvuani.

Nikafunga mlango. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amelala juu ya mkeka, nami nalidhani amekwisha kusinzia. Akainua kichwa, akasema, "Mama, na ile ya kinuni?" Hakusema kwa hila. Alidhani nimesahau.

Ndugu zangu, nimesikia hotuba nyingi katika maisha yangu, lakini sijasikia iliyonishika kama maneno yale matano. Nikakitazama kinu chini ya kitambaa chake. Nikaona wazi kwamba sikusahau. Nalikumbuka vizuri kabisa, na kwa sababu nalikumbuka ndipo nikasema uongo. Nalikuwa nikikilinda kicheko cha miezi mitatu, na mtoto wa mwenzangu yu hali mbaya.

Sikutafuta kikombe. Nikakikumbata kinu chote chini ya khanga, nikatoka mbio. Nikamkuta hajafika mlangoni kwake. Nikamwambia, "Sukari ninayo. Twende." Hakuniuliza neno.

Mtoto tukamkuta mapajani mwa dada yake. Macho yamezama, midomo imekauka, na ngozi ya tumbo ukiivuta hukawia kurudi. Alikuwa akilia, lakini machozi hayakutoka. Tukapima maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, lita moja kamili. Tukatia sukari vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa kwa kisu visiwe na kilima, na chumvi nusu kijiko cha chai. Tukakoroga hata vikayeyuka. Tukaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko. Alipotapika twalingoja dakika kumi, tukaanza tena polepole.

Hapo ndipo nilipohesabu. Vijiko sita! Kinuni mlikuwa na kikombe kizima, na mle kikombeni vijiko sita havikuonekana vimepungua. Kwa vijiko sita nalikuwa nimemfungia mwenzangu mlango. Kama angaliniomba kilo, labda ningalipata udhuru. Lakini aliomba kidogo kabisa, na kidogo hicho nalikinyima.

Walimu, yafaa muwaeleze watoto shuleni jinsi maji haya yafanyavyo kazi. Mwenye kuharisha hupoteza maji na chumvi, na maji matupu hayaingii mwilini mwake vizuri. Lakini sukari kidogo na chumvi kidogo zikifika pamoja katika utumbo, huingia damuni zikishikana mikono, na maji huzifuata. Kipimo ni lazima kifuatwe. Sukari ikizidi huzidisha kuharisha, na chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mwaka wa 1971, katika kambi za wakimbizi kule India wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilipoingia na maji ya kutiwa mishipani yakapungua, tabibu Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya namna hii, na wengi mno wakapona. Tangu hapo yameokoa watoto wengi sana duniani.

Tulikesha. Tulifanya lita ya pili. Hatukuzungumza sana, ila, "Shika kijiko," na, "Mwinue kichwa." Karibu na alfajiri mtoto alikojoa, akalia tena, na safari hii shavu lake likalowa. Mama yake akalipangusa kwa kidole, akakitazama kidole chake, akaanza kulia yeye. Mvua ikapungua, maji ya njia yakashuka, pikipiki ikaja, wakaenda hospitali. Huko alipewa pakiti za dawa ya maji na vidonge vya zinki, akalazwa siku mbili.

Nami nikabaki na watoto wengine watatu, ambao nao walihitaji uji. Sukari iliyosalia kinuni sikuweza kuirudisha kwangu. Nikaimimina katika kopo la nyumba ile. Nikajichotea vijiko vitatu vya mezani tu, nikavifunga katika karatasi. Kinu nikakisahau pale pale.

Basi asubuhi ya Pasaka nalikuwa na keki nzuri iliyopoa, na vijiko vitatu vya sukari. Kwa vijiko vitatu huwezi kuifunika keki kwa weupe. Nikaviponda juu ya kibao kwa chupa hata vikawa unga laini. Nikamwambia binti yangu, "Nenda mchungwani, ulete majani saba mazima." Tukayaosha, tukayafuta hata yakawa makavu kabisa, tukayapanga juu ya keki kama nyota, ncha zikielekea nje. Nikautia unga wa sukari katika kitambaa chepesi cha melimeli, nikakifunga kama kifurushi, nikakipigapiga kwa kidole juu ya keki. Sukari ikashuka kama vumbi. Kisha tukayainua majani, moja moja, wima kwenda juu, bila kuyakokota. Pale palipokuwa na jani pakabaki rangi ya hudhurungi ya keki, na pande zote pakawa peupe, hata vijino vidogo vya ukingo wa jani vilionekana. Binti yangu akapiga makofi.

Kazi hiyo tuliifanya watu wakiwa wamekwisha kuketi, nayo ililiwa kabla unyevu haujaidhuru. Mzee mmoja aliyebatizwa siku ile aliinama juu yake, akauliza, "Hii imechorwa kwa kalamu gani?" Binti yangu akamjibu, "Kwa mchungwa wetu." Mzee akafurahi, akaomba apewe kipande chenye jani. Hakucheka mtu, na mimi nalikuwa nimekwisha kusahau kungoja kuona nani atacheka. Nalikuwa nikitazama mlangoni kama habari zimekuja kutoka hospitali.

Siku ya tatu jirani yangu alirudi na mtoto mgongoni. Jioni nikaenda kwake. Nikamwambia, "Dada, usiku ule ulipokuja nalisema uongo. Sukari nalikuwa nayo."

Akasema, "Nalijua."

Nikamwuliza, "Ulijuaje?"

Akajibu, "Usiku ule nalisimama mlangoni pangu nikifikiri nibishe hodi kwa nani. Harufu ya keki ikanijia, na mvua yote ile. Nikasema, panaponukia keki hapakosi sukari. Harufu ndiyo iliyonileta kwako."

Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Na naliposema imekwisha, mbona hukuniambia kwamba najua unanidanganya?"

Akanyamaza kidogo, akimpapasa mtoto. Kisha akasema, "Naliogopa. Nalikumbuka neno langu la Krismasi, nikasema moyoni, leo ananilipa."

Sikuweza kukana, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameusoma moyo wangu gizani kuliko mimi mwenyewe niliyeukaa. Nikamwomba anisamehe uongo wangu, naye akaniomba nimsamehe kicheko chake. Tukasali pamoja maneno machache. Nalipotaka kuondoka akaniletea kinu changu, kimeoshwa, na ndani yake mayai manne, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Sasa, wasomaji wapenzi, nalijibu swali lenu. Njia za kupamba kwa sukari nazijua tatu, na zote zafaa nyumba ya kawaida.

Ya kwanza ni hiyo ya kunyunyiza. Keki sharti ipoe kabisa, na kazi ifanywe karibu na wakati wa kula. Waweza kutumia majani safi ya mti wa kuliwa, au karatasi iliyokunjwa mara nne na kukatwa kwa mkasi, mfano wa msalaba au ua. Vijiko vitatu vyatosha. Ukitaka kuitwanga sukari nyingi na kuiweka, changanya kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi kwa kila kikombe, ili isigandamane, nawe uifunge katika chupa kavu.

Ya pili ni ya kupaka. Tia kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu katika kikombe kimoja cha sukari iliyosagwa na kuchekechwa. Koroga, ukiongeza tone kwa tone, hata iwe nzito na kushuka polepole kutoka kijikoni. Mimina juu ya keki baridi, uache ijisambaze. Haiwi ngumu kama ile ya ute wa mayai, lakini ina ladha nzuri, wala haina hatari. Ukitaka rangi ya njano, tia manjano kidogo, kadiri ya ncha ya kisu.

Ya tatu ni ile ya mama mkwe wangu, ambayo nalikataa kuitazama, yaani shira ya visheti. Chemsha kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji na iliki. Ikianza kuwa nzito, chota tone, liache lipoe kijikoni, kisha lishike kwa vidole viwili. Likivutika kama uzi, tayari. Mimina visheti ndani yake, epua motoni, ukapindue upesi bila kupumzika. Kwa kupinduliwa, sukari hurudi kuwa chembe, nayo huganda nyeupe juu ya kila kimoja. Vikiisha kupoa, viweke katika kopo lenye mfuniko. Hata siku za mvua hukaa vizuri kuliko keki yangu ya Lushoto. Nalimwomba mama mkwe anifundishe, akacheka, akasema, "Miaka yote hiyo nalikuwa nikikungoja uulize."

Na neno moja la kuongeza. Katika nyumba yetu pana kopo dogo juu ya kabati. Ndani yake mna sukari kikombe kimoja, chumvi katika karatasi, kijiko cha chai, na pakiti mbili za dawa ya maji kutoka zahanati. Kopo hilo haliguswi kwa chai wala kwa keki, hata ikiwa ni sikukuu. Binti yangu ndiye mlinzi wake, naye huhesabu vilivyomo kila Jumamosi. Nawasihi ninyi nanyi mfanye hivyo, nyumba kwa nyumba, na walimu wawe nalo shuleni. Lakini mtoto akidhoofika, au akitapika kila anachokunywa, au akiharisha damu, msikawie kwa kutegemea kopo. Mpelekeni hospitali, mkimnywesha njiani.

Kisha okeni keki zenu, mzipambe vizuri, wala msione kuwa ni dhambi. Mgeni akiona ya kuwa umemtafutia jani zuri na kumnyunyizia sukari kidogo, ajua amengojewa. Ila kabla ya kuitwanga sukari, fungueni mlango kwanza, msikilize kama yuko mtu nje mvuani.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mke wa Mwalimu, Muheza.